NDEGE HUAMINI UNACHOIAMBIA

Hotuba ya mhitimu wa shule yetu, mtumishi wa serikali mjini Dodoma, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika Bashay



Barua ya Ndugu Katibu iliniomba nieleze mambo mawili. La kwanza, ni kitu gani hicho ambacho mtu mzima mwenye familia anakifanya usiku mbele ya kompyuta, akiita ni kurusha ndege. La pili, kama lile pendekezo la baadhi ya wahitimu, kwamba tuchange tununue kompyuta mbili kwa ajili ya maabara ya fizikia na tuweke humo mashine ya kuigiza urukaji, lina maana yoyote kwa mtoto wa Mbulu au Hanang. Nitajibu yote mawili kadiri ya uwezo wangu, ila jibu la pili litategemea la kwanza, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Wengi wenu mmeona michezo ya kompyuta ambayo kijana hubonyeza kitufe kimoja na ndege ikapaa, akabonyeza kingine ikafyatua risasi. Huo si mchezo ninaouzungumzia. Nazungumzia simuleta, yaani programu inayojaribu kufuata sheria za hewa, uzito na msukumo kama zilivyo duniani. Jambo hili si geni. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alichukua mivukuto ya vinanda akaifunga chini ya kisanduku chenye umbo la ndege, kikawa kinainama na kugeuka mwanafunzi anapovuta usukani. Watu walikiona kama kichekesho cha kwenye maonyesho. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani kadhaa wakafa katika mawingu na ukungu, jeshi likaenda kununua visanduku sita vya Bwana Link. Simuleta ya kompyuta za nyumbani ilianzia kwa Bruce Artwick, mhandisi aliyesoma Chuo Kikuu cha Illinois, na toleo lake la Microsoft lilitoka mwaka 1982. Toleo lililotoka Agosti 2020 lina dunia nzima ndani yake, imetengenezwa kwa picha za setilaiti. Hata Bashay imo. Nimeitazama. Vilima vipo mahali pake na barabara ipo, lakini nyumba kompyuta imezikisia tu, na mapaa iliyotupa ni ya watu wa nchi nyingine kabisa.

Sasa juu ya simuleta hiyo huja ndege za nyongeza. Ndege inayokuja pamoja na programu huwa na swichi nyingi za kupendeza macho tu. Ndege ya nyongeza hutengenezwa na watu wengine waliojifunga kuiga ndege moja kwa ukamilifu, swichi kwa swichi na waya kwa waya. Kampuni ya PMDG ya Marekani imefanya hivyo kwa Boeing 737, ndege ambayo abiria wa Afrika Mashariki wanaifahamu vizuri. Kikundi cha watu wanaojitolea kiitwacho FlyByWire kimefanya hivyo kwa Airbus A320, nao hawatozi hata senti. Mimi hutumia 737-800. Bei yake ni dola makumi kadhaa, na mama watoto aliijua siku ileile, kwa hiyo hapana siri mtakayoweza kumpelekea.

Ukiingia katika ndege hiyo asubuhi, kwa mfano pale KIA, unaikuta imelala. Taa hakuna, vioo vya saa ni vyeusi, na ukisukuma mikono ya nguvu hakitokei kitu. Kijana aliyezoea michezo mingine huondoka hapo hapo. Kazi huanza juu ya kichwa chako, kwenye ubao wa swichi. Unawasha betri. Betri haidumu, kwa hiyo ni lazima upate umeme mwingine mapema: ama kutoka mashine ya uwanjani, ama uiwashe injini ndogo iliyoko mkiani, ambayo kazi yake si kusukuma ndege bali kutoa umeme na hewa. Kabla ya kuiwasha unapima vitambuzi vyake vya moto, kwa kuwa si busara kuwasha kitu ambacho hutajua kikiungua. Kisha injini hiyo huchukua muda wake, nawe unangoja. Zinafuata pampu za mafuta, hewa ya ndani, joto la vioo, na kadhalika. Sitawachosha kwa kila swichi, ila nitasimama kwenye moja, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii na ndiyo yenye fizikia ya kidato cha tatu na cha nne.

Kuna mtambo katika ndege unaojua mahali ilipo bila kuuliza mtu yeyote nje. Hauhitaji redio wala setilaiti. Ndani yake mna vipimo vya mzunguko na vipimo vya mwendo, na hivyo hujumlisha kila mtikisiko wa ndege tangu ilipoondoka hadi ilipofika. Lakini ili ujumlishe, lazima ujue ulianzia wapi. Basi ndege ikiwa imesimama kabisa, unageuza swichi mbili, na mtambo huanza kuisikiliza dunia. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, na vipimo hivyo ni vikali kiasi cha kuusikia mzunguko huo. Mfaransa Léon Foucault aliuonyesha mzunguko wa dunia kwa bembea lake mwaka 1851. Mtambo huu unafanya kazi ya namna hiyo ndani ya kisanduku. Kwa kuusikia mzunguko unajua kaskazini iko wapi, na unajua pia uko mbali kiasi gani kutoka Ikweta.

Nanyi wanafunzi sikilizeni hapa. Katika 737 kazi hiyo huchukua dakika kama 5 ukiwa kwenye Ikweta, lakini huko kaskazini ya mbali, nyuzi 70, huchukua dakika kama 17. Kwa nini? Kwa sababu ili kuitafuta kaskazini mtambo hutumia ile sehemu ya mzunguko wa dunia inayolala sambamba na ardhi, na sehemu hiyo ni kubwa kabisa kwenye Ikweta, halafu hupungua kwa kosaini ya latitudo hadi kwisha pale ncha. Wale mnaomuuliza mwalimu wa hisabati kosaini itawasaidia nini maishani, mwambieni nimemjibia. Sisi tulio nyuzi tatu na nne kusini mwa Ikweta, rubani wetu ana haki ya kuondoka kabla ya rubani wa Norwei, ikiwa abiria wake wameingia.

Wakati mtambo unasikiliza, rubani huandika kwenye kompyuta ya safari mahali ndege ilipo. Kwa KIA huandika kusini nyuzi 3 dakika 25.8, mashariki nyuzi 37 dakika 4.5. Ukikosea latitudo ukaandika kaskazini badala ya kusini, mtambo utagoma, maana umekwisha kuisikia dunia mwenyewe na unajua unachoambiwa si kweli. Lakini longitudo hauwezi kuisikia. Dunia inazunguka sawasawa, uwe Bashay au uwe Brazili kwenye latitudo hiyohiyo. Unachoweza ni kulinganisha na mahali ulipozimwa mara ya mwisho na kukupa onyo. Ukilipuuza onyo, utakuamini.

Tarehe 10 Machi 2015, ndege ya AirAsia X, aina ya Airbus A330, ilikuwa Sydney ikijiandaa kwenda Kuala Lumpur. Longitudo ya pale ilikuwa mashariki nyuzi 151 dakika 9.8. Iliyoandikwa ilikuwa nyuzi 15 dakika 19.8. Yatazameni maandishi hayo mawili: tarakimu ni karibu zilezile, zimesogea tu. Ndege ikaamini iko zaidi ya kilometa 11,000 kutoka mahali iliposimama, upande huu wetu wa dunia, kusini mwa Afrika. Ilionya, na maonyo hayakushughulikiwa. Baada ya kupaa, mitambo yake ikaanza kuiongoza kama ndege iliyoko huko. Marubani walipoona mambo hayaendi, walitaka kurudi Sydney, hali ya hewa ikawazuia, wakaishia Melbourne. Hakuna aliyeumia, nashukuru. Lakini safari ya kwenda kaskazini ilimalizikia kusini kwa sababu ya namba moja kuandikwa vibaya.

Melbourne ina mkosi wake katika habari hizi. Miaka sita kabla ya hapo, tarehe 20 Machi 2009, Airbus A340 ya Emirates yenye watu 275 ilikuwa inaondoka huko kwenda Dubai. Uzito wake ulikuwa tani 362.9. Katika kompyuta ya kukokotoa kasi za kupaa uliandikwa uzito wa tani 262.9. Tarakimu moja tu, tatu ikawa mbili. Tani 100 zikatoweka kwenye karatasi, lakini hazikutoweka kwenye magurudumu. Kompyuta ikatoa nguvu ya injini na kasi zinazofaa ndege nyepesi. Mkia ulisugua lami, barabara ya kurukia ikaisha, ndege ikang'oa vitu vilivyokuwa mbele ya uwanja ndipo ikapanda. Ilirudi salama. Mimi huwa namwonyesha kijana yeyote anayekuja nyumbani hesabu hiyo kwenye 737 yangu: andika uzito sahihi, tazama kasi inayotoka, punguza tani 10, tazama tena. Kompyuta haikasiriki, haiulizi kama una akili timamu. Inakokotoa upesi na kwa unyenyekevu mkubwa, ikakupa jibu sahihi la swali lisilo sahihi.

Nadhani sasa mmeona kwa nini nimeiita hotuba hii hivyo. Ndege kubwa ya siku hizi huamini unachoiambia. Kuivuta usukani si jambo gumu sana; mtoto wa darasa la saba akifundishwa wiki mbili ataiweka 737 ya nyumbani juu ya lami bila kuivunja. Ugumu uko katika kuiambia kweli, na katika kujua wakati ambapo yenyewe imeambiwa uongo na mtu au na chombo kingine.

Hapo ndipo ninapowakumbuka wenzetu. Tarehe 10 Machi 2019 Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, safari namba 302. Ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita baadaye. Walikufa wote 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Ripoti ya awali ya Ethiopia ilionyesha kwamba kipimo cha upande wa kushoto kinachopima pembe ya pua ya ndege dhidi ya upepo kilisoma nyuzi 74.5, wakati cha kulia kilisoma 15.3. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akipewa vipimo hivyo viwili vya kitu kimoja atasema kimoja ni kibovu. Lakini programu iliyoitwa MCAS ilitengenezwa isikilize kipimo kimoja tu kwa wakati mmoja. Ilikiamini kilichoharibika, ikaona ndege inainua pua mno, ikaisukuma pua chini, na ikairudia. Miezi michache kabla, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo ya Lion Air ya Indonesia ilikuwa imeanguka kwa sababu ya namna hiyo na kuua watu 189. Ndege zote za aina hiyo zilisimamishwa Machi 2019. Ziliporuhusiwa tena Marekani mwezi Novemba 2020, programu ilikuwa imebadilishwa ilinganishe vipimo vyote viwili, na vikipingana ikae kimya.

Ndege ninayoitumia mimi nyumbani ni kaka wa MAX, aliyezaliwa kabla yake, na hana programu hiyo. Nalisema hili kwa makusudi, maana nimewasikia vijana mjini wakijisifu kwamba wangeiokoa ndege ile kwa sababu wameirusha kwenye kompyuta. La hasha. Aliyekaa kwenye kiti cha sebuleni, chai iko pembeni na akijua kwamba kitufe cha kuanza upya kipo, asijilinganishe na marubani wale.

Msije mkafikiri basi kwamba macho ya binadamu ndiyo ya kuaminiwa na mashine ndiyo mwongo. Tuna mfano wetu hapa jirani. Tarehe 18 Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inakwenda KIA ilitua kwenye uwanja wa Arusha. Nyote mmepita pale Kisongo mkienda mjini. Njia ya KIA ina meta 3,600. Ya Arusha wakati ule ilikuwa na meta 1,620, nayo ni ya ndege ndogo za watalii. Siku ile njia ya KIA ilikuwa imezibwa kwa muda na ndege ndogo iliyoharibikiwa. Ndege kubwa ilisimama, ikakwama kwenye majani, watu wakateremka wazima, na wakazi wa Arusha wakapata jambo la kwenda kutazama siku kadhaa.

Watu walicheka sana. Mimi nilikwenda kwenye ramani. Njia ya Arusha na njia ya KIA zote zimeelekea mashariki na magharibi, kwa namba zilezile 09 na 27. Viwanja viko umbali wa kilometa kama 50, na vimekaribia kuwa kwenye mstari mmoja. Ndege inayokuja KIA kutoka magharibi ili itue ikielekea mashariki, hupita kando ya Arusha, Mlima Meru ukiwa kushoto kwake. Kwa hiyo mbele ya kioo inatokea njia ya lami, iliyoelekea hasa kule unakotarajia, wakati unaotarajia njia ya lami. Nimeiweka 737 yangu kwenye mstari huo mara nyingi, mchana kweupe. Jicho linasema, "Ndiyo hiyo." Ukitazama chini kwenye skrini, namba inasema bado maili za baharini 26. Hapo mashine ndiyo inayosema kweli na jicho ndilo linalodanganywa. Waliokuwa chumbani siku ile siwasemei. Nawaeleza tu kile ambacho mtu yeyote anaweza kukiona akijaribu njia ile.

Ndiyo sababu katika chumba cha rubani hukaa watu wawili, na ndiyo sababu ya orodha ya ukaguzi. Nyumbani kwangu rubani msaidizi ni binti yangu wa darasa la sita. Yeye husoma, mimi hujibu, kisha tunabadilishana. Akisoma "flapu", haitoshi mimi kuitikia "tayari" kama watu wanaoitikia salamu. Ni lazima niitazame mkono wa flapu, niitazame saa inayoonyesha flapu zenyewe zimefika wapi, ndipo niseme namba. Naye hakubali hadi ameitazama kwa macho yake, na ana ukaidi wa bibi yake katika jambo hilo. Siku moja mjomba wake alikuja akakaa kiti cha pili, akawa anaitikia "tayari, tayari, tayari" ili tupae upesi. Mtoto alifunga kitabu akasema, "Mjomba, hujatazama." Ndege ikakaa uwanjani mpaka mjomba akatazama.

Sisi tulio katika ofisi za serikali tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Hati ya malipo huandaliwa na mmoja, hukaguliwa na wa pili, huidhinishwa na wa tatu. Wananchi huuita mlolongo huo urasimu, na mara nyingine wana haki, hasa pale wa pili na wa tatu wanapotia saini bila kusoma. Sahihi tatu za watu wasiosoma si ukaguzi; ni sahihi moja iliyoandikwa mara tatu. Tangu nianze mambo haya ya ndege, vijana wa ofisini kwangu wanalalamika kwamba nimekuwa mzito wa kutia saini. Wananiita Kapteni, na si kwa heshima.

Sasa nije kwenye mapungufu, maana sikuja hapa kufanya biashara. Simuleta ya nyumbani haikupi leseni. Saa 1,000 za sebuleni hazihesabiwi hata moja na mamlaka ya usafiri wa anga. Mashirika yana simuleta zao kubwa, kama zile za Addis Ababa na Nairobi, chumba kizima cha rubani kilichosimamishwa juu ya miguu inayokiinamisha. Humo ndimo marubani wa kweli hupimwa, na gharama yake si ya mtu binafsi. Ya nyumbani haikutikisi wala haikutishi. Haikufundishi kuongea na abiria mgonjwa, wala kufanya uamuzi ukiwa na usingizi saa 10 usiku. Tena ina gharama zake: toleo jipya lenye picha za dunia linadai kompyuta yenye nguvu na intaneti nyingi, na kwa bando la simu la huku kwetu utamaliza mshahara kabla hujafika Minjingu. Umeme nao ukikatika ukiwa futi 30,000 juu ya Ziwa Manyara, ndege na ziwa hupotea pamoja.

Kadhalika nisingependa kijana atoke hapa akidhani urubani ndiyo kazi pekee ya ndege. Mafunzo ya urubani ni ghali sana, na nisipowaambia hivyo nitakuwa nawadanganya wazazi wenu. Lakini ndege moja inayopaa inahitaji mafundi, waongoza ndege, wataalamu wa hali ya hewa, wapanga mizigo, wahasibu wa mafuta. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Dar es Salaam hufundisha ufundi wa ndege. Tangu mwaka 2018, Shirika letu la Ndege lilipopokea Boeing 787 na Airbus A220 zake za kwanza, nchi hii inahitaji watu wa kuzitunza, na fundi anayeandika kwenye daftari kwamba kipimo fulani amekipima ilhali hakukipima ni hatari kuliko rubani asiyejua kugeuka. Ndege ndogo zinazotua Haydom nazo zina fundi wake mahali fulani, ambaye abiria hamwoni kamwe.

Nirudi kwenye pendekezo. Nimesikia hoja za pande zote mbili, na nimetembea shuleni asubuhi hii kabla ya mkutano. Tangi la maji la bweni la wasichana linavuja. Kama fedha tunazochanga ni za tangi au za kompyuta, Ndugu Mwenyekiti, mimi mwenyewe mpenda ndege napiga kura yangu kwa tangi, na naomba iandikwe hivyo katika kumbukumbu. Mtoto anayechota maji saa 11 alfajiri katika baridi hii ya Bashay hatakuwa na akili ya kusikiliza kosaini.

Lakini si lazima tuchague. Ipo simuleta iitwayo FlightGear, inayotengenezwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990. Ni ya bure kabisa, inaweza kubebwa kwenye kidiski cha mkononi, inafanya kazi bila intaneti ukishaipakia ramani, na haidai kompyuta mpya. Picha zake si za kupendeza. Mlima Hanang wetu wenye meta 3,420 unaonekana kama kichuguu kilichopakwa rangi. Hata hivyo hewa yake ni hewa, uzito wake ni uzito, na katika baadhi ya ndege zake utakuta swichi zinazofanya kazi yake kweli. Kwa somo la fizikia inatosha na kubaki. Mwalimu wa fizikia na mimi tumekubaliana kwamba wanafunzi wasiruhusiwe kuigusa wawili wawili bila karatasi ya ukaguzi waliyoiandika wenyewe kwa Kiswahili. Nimeona orodha nyingi za Kiingereza ambazo mtu anazisoma kama kasuku. Akilazimika kuiandika kwa lugha yake, hana budi kujua swichi inafanya nini.

Nimekuja na kompyuta yangu ya zamani, ipo kwenye gari, pamoja na usukani wa mkono uliokwisha kupoteza rangi. Naikabidhi kwa shule leo bila masharti, isipokuwa moja la kitaalamu: betri yake ya akiba imechoka, kwa hiyo msiiwashe siku ya mawingu ya radi bila kuichomeka kwenye kifaa cha kulinda umeme. Baada ya chakula itakuwa maabara. Nitaiweka 737 uwanjani KIA ikiwa imelala, taa zote zimezimwa. Watakaoanza ni wanafunzi wawili wa kidato cha tatu, mmoja wa kusoma na mmoja wa kujibu, na wahitimu wenzangu mnaruhusiwa kusimama nyuma mradi msiwanong'oneze majibu. Nimeandika longitudo mbili kwenye karatasi, moja ni ya KIA na nyingine siyo. Sitawaambia ipi ni ipi.